Viganja Vinne Juu ya Lami

Majuma matatu yaliyopita nusura safu hii ikose mwandishi. Tulikuwa safarini kwenda Morogoro harusini: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili, na kaka yake mke wangu, ambaye ndiye mwenye gari na ndiye aliyeshika usukani. Tulipofika Kibaha mawingu ya upande wa magharibi yalikwisha kuwa meusi. Shemeji akasimamisha gari kwa fundi wa pancha kando ya barabara, akamwambia apunguze upepo katika matairi yote manne, kutoka 30 mpaka 20.

"Tairi likilala kidogo huishika lami vizuri wakati wa mvua," alinieleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema neno hilo mara nyingi asipate wa kumbishia.

Fundi, kijana mwembamba aliyetundika kipimo cha upepo shingoni, alimtazama kama atakaye kusema jambo. Kisha akainama, akafanya alivyoambiwa. Mimi nami nilijiambia kwamba mwenye gari ndiye alijuaye gari lake, nikaenda zangu kununua korosho.

Tulipokwisha ipita Chalinze mvua ilishuka kwa kishindo. Tulikuwa tumechelewa, na mshale wa mwendo ulikuwa ukicheza kwenye 85. Mahali fulani malori mazito yameibonyeza lami yakaacha mifereji miwili mipana, mmoja wa magurudumu ya kushoto na mmoja wa magurudumu ya kulia, na siku ile mifereji hiyo ilikuwa imegeuka vijito. Jambo la kwanza nililolitambua halikuwa la macho bali la masikio. Ule mvumo wa matairi uliotusindikiza tangu asubuhi ulikatika ghafla, kana kwamba mtu amefunga mlango. Shemeji aliuzungusha usukani kidogo ili atoke kwenye maji. Usukani ukazunguka, mwepesi kama wa gari la kuchezea la watoto, na gari lisimfuate. Akakanyaga breki. Nyuma ya gari ikataka kutangulia mbele. Tukageuka nusu mzunguko, tukaivuka barabara, tukasimama katika majani ya upande wa pili tukitazama tulikotoka. Lori lililokuwa likitoka Morogoro lilipita pale pale tulipovuka kabla sijamaliza kuvuta pumzi.

Hakuna aliyeumia. Kwa muda hakuna aliyesema. Kisha mtoto wetu mdogo, mwenye miaka 6, akauliza kutoka kiti cha nyuma: "Mjomba, gari lilikuwa linaogelea?"

Harusini shemeji aliwasimulia watu kwamba mahali pale pana mkosi, na wazee wawili wakamwunga mkono kwa kutaja magari mengine yaliyowahi kupinduka hapo. Mimi sikubisha, maana harusini si mahali pa kubishana na upande wa bibi. Lakini mtoto alikuwa amekwisha sema kweli, naye hakupewa jibu. Makala ya leo ni jibu lake, na wengine mnakaribishwa kusikiliza.

Tuanze na kiganja cha mkono. Chukua gari dogo la familia lenye uzito wa kilo 1,200 pamoja na abiria. Uzito huo kwa sehemu kubwa haubebwi na mpira bali na upepo uliomo ndani ya matairi. Upepo wa 30, ambao maana yake ni ratili 30 kwa kila inchi mraba, ni sawa na kilo 2.1 hivi kwa kila sentimita mraba. Gawanya 1,200 kwa 2.1, utapata sentimita mraba 570 au zaidi kidogo. Zigawe kwa matairi manne, kila tairi linapata kama 143. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa kuwa ukuta wa tairi nao hubeba sehemu ndogo ya mzigo. Lakini inatosha kutuonyesha jambo ambalo wengi wetu hatujapata kulifikiri. Gari lote, na roho zote zilizomo, limeigusa dunia kwa vipande vinne tu, kila kimoja na ukubwa wa kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kila anachokitaka dereva kwa barabara, kuondoka, kukata kona, kusimama, hakina budi kupita katika viganja hivyo. Usukani na breki hupeleka maombi tu. Anayekubali au kukataa ni kiganja.

Kiganja hicho hushikaje? Wataalamu wanatueleza kwamba mpira hulishika jiwe kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuambatana: mpira mkavu juu ya jiwe kavu hugandamana nalo, ukivutwa hukataa kwanza, kisha huachia. Ya pili ni ya ajabu zaidi. Mpira unapopita juu ya vinundu vya kokoto hubonyea, halafu hurudi katika umbo lake, lakini haurudi kwa nguvu ile ile uliyobonyezwa nayo. Sehemu ya nguvu hupotea ndani ya mpira na kuwa joto, na upotevu huo ndio unaolizuia gari lisiteleze. Mwaka 1958 wanasayansi wawili wa Cambridge, J. A. Greenwood na David Tabor, walionyesha kwamba hata ukiupaka mpira kilainishi, ukaiua kabisa ile njia ya kwanza, njia ya pili hubaki ikifanya kazi. Hiyo ilikuwa habari njema kwa watengenezaji wa matairi, kwa kuwa barabara iliyolowa ni barabara iliyopakwa kilainishi. Tangu hapo walifahamu kwamba mpira unaorudi haraka mno, ule unaodunda sana ukiutupa chini, si mpira wa kumpa mtu siku ya mvua.

Lakini ili vinundu vya kokoto viubonyeze mpira, kwanza vinapaswa kuufikia. Hapo ndipo maji yanapoingia.

Mwaka 1959 V. E. Gough, mhandisi wa kampuni ya Dunlop huko Uingereza, alikieleza kiganja cha tairi linalopita majini kuwa kimegawanyika sehemu tatu. (Gough ndiye pia aliyeunda, katika miaka hiyo ya 1950, mashine ya miguu sita inayorefuka na kufupika ili kulisukuma tairi kila upande na kulipima. Wajukuu wa mashine hiyo ndio wanaoitikisa leo vyumba vya kufundishia marubani. Tairi limekwisha wafaa hata waendao angani.) Sehemu ya mbele ya kiganja hukutana na maji mengi, nayo hukaa juu ya kabari ya maji yanayotafuta pa kukimbilia. Sehemu ya kati imekwisha yafukuza maji mengi, lakini bado pamebaki utando mwembamba unaotobolewa na ncha za kokoto. Sehemu ya nyuma tu ndiyo iliyoifikia lami kwelikweli, nayo ndiyo inayofanya kazi karibu yote. Gari likienda polepole, maji hupata nafasi ya kutoka, na sehemu ya nyuma huwa kubwa. Kadiri mwendo unavyoongezeka, kabari ya mbele hurudi nyuma, sehemu kavu hupungua, hupungua, mpaka ufike mwendo ambao kabari imekienea kiganja chote. Hapo tairi halimo tena barabarani. Limo juu ya maji kama mtumbwi, na mvumo wake hunyamaza.

Jambo hili lilichunguzwa kwa bidii kubwa zaidi na watu wa ndege. Katika kituo cha utafiti cha Langley, jimbo la Virginia, Marekani, kilicho chini ya shirika la NASA, Walter Horne na wenzake waliyakimbiza matairi ya ndege juu ya njia iliyofurika maji, wakitumia gari zito la majaribio lililosukumwa kwa mrusho wa maji wenye nguvu. Waliona jambo ambalo mtu asingeliamini asipoliona: gurudumu, ambalo halikupigwa breki hata kidogo, lilianza kuzunguka polepole, kisha likasimama kabisa, huku gari lililolibeba likiendelea kukimbia kwa kasi ile ile. Maji yalikuwa yamelinyanyua, na hapakuwa na kitu cha kulizungusha. Mkanyagie breki gurudumu lililokwisha simama, umepata nini?

Mwaka 1963 Horne na mwenzake Robert Dreher walitoa ripoti yao, na ndani yake kulikuwamo kanuni fupi kiasi cha kuandikwa juu ya kiberiti. Chukua upepo wa tairi kwa ratili, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 10.35. Jibu ni mwendo, kwa maili kwa saa, ambao tairi litaanza kuelea. Sisi wa kilomita tutazidisha kwa 16.66. Kanuni hiyo ni ya mahali ambapo maji yana kina kuliko mikato iliyobaki katika tairi, au ambapo tairi ni kipara.

Haya, tulipime gari la shemeji. Kipeuo cha pili cha 30 ni karibu 5.48, zidisha kwa 16.66, unapata kilomita 91 kwa saa. Kipeuo cha pili cha 20 ni karibu 4.47, zidisha, unapata 74 na nusu. Sisi tulikuwa kwenye 85. Kwa upepo tuliotoka nao nyumbani tungekuwa karibu na hatari, chini yake kidogo. Kwa upepo tuliouacha Kibaha tulikuwa tumeipita hatari kwa zaidi ya kilomita 10, tukiwa na watoto, tukila korosho.

Sababu yake si ngumu. Tairi huyasukuma maji kwa kani ya upepo wake. Tairi gumu huyakandamiza maji kwa nguvu, yakakimbia. Tairi laini husalimu amri mapema, likabonyea katikati, likayaachia maji yaingie. Angalia pia kwamba katika kanuni ile uzito wa gari haumo. Watu husema gari zito halielei. Gari likiwa zito, kiganja huwa kipana zaidi, lakini kila sentimita yake hukandamiza kwa nguvu ile ile ya upepo. Kuongeza abiria hakukuokoi.

Sasa sitaki kumwonea shemeji, kwa sababu imani yake ina asili yake, na si ya kijinga. Kwa miaka mingi aliendesha magari katika njia za mchanga, na katika mchanga mkono wake ulimfundisha kweli: tairi lililopunguzwa upepo hutanuka, halizami, likatoka pale ambapo tairi gumu lingechimba kaburi lake. Aliichukua elimu hiyo ya mchangani akaileta juu ya lami yenye maji, nayo ikageuka. Wangapi kati yetu hatuna elimu ya namna hiyo, iliyotufaa mahali pamoja na tunaitembeza kila mahali?

Tulipokuwa tukilisukuma gari lile litoke majanini ndipo nilipoyaona matairi ya nyuma. Yalikuwa kipara. Ya mbele yalikuwa mapya, yamenunuliwa mwezi uliotangulia, mawili tu kwa kuwa fedha haikutosha manne. Nilimwuliza kwa nini mapya yamewekwa mbele, akanijibu jibu ambalo karibu kila dereva angelijibu: mbele ndiko kwenye usukani. Kampuni za matairi zenyewe hushauri kinyume. Tairi la mbele likipoteza mshiko, gari hukataa kukata kona na huenda moja kwa moja. Dereva huhisi katika mikono yake, akaachia mafuta, na mara nyingi gari humrudia. Tairi la nyuma likipoteza mshiko, dereva hahisi kitu mpaka gari limekwisha anza kuzunguka, na mtu asiye fundi wa kazi hiyo hawezi kulirudisha. Kama una mapya mawili tu, yaende nyuma.

Na hizo kashata za tairi, ile mikato na mifereji ambayo watu hudhani ni urembo au ni alama ya kampuni, kazi yake ni moja tu, kuyapa maji mlango wa kutokea. Pigeni hesabu pamoja nami. Tairi lenye upana wa sentimita 17, likipita kwa kilomita 80 kwa saa juu ya maji yenye kina cha milimita 3, hukutana na lita 11 za maji kila sekunde. Katika kila sekunde mbili ni zaidi ya ndoo nzima ya lita 20. Tairi moja hilo! Ndoo hiyo ipitie wapi kama mifereji imekwisha? Katika nchi nyingi sheria imeweka mpaka wa kina cha milimita 1.6, na watengenezaji huweka vinundu vidogo ndani ya mifereji kwa kimo hicho hicho: kashata ikilingana na kinundu, tairi limekufa hata kama bado lina upepo. Asiyeviona vinundu achukue njiti ya kiberiti ya mti. Unene wake ni kama milimita 2. Ilaze ndani ya mfereji. Ikichomoza juu ya kashata, anza kuweka akiba.

Hapo abiria wa basi atasema, haya ni ya wenye magari, mimi yananihusu nini? Yanakuhusu, ingawa kwa njia nyingine. Tairi la basi au la lori hujazwa upepo wa 100 na zaidi, na ukiiweka namba hiyo katika kanuni ya Horne utapata mwendo wa kilomita 166 kwa saa, ambao hakuna basi lenye haki ya kuufikia. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba magari makubwa hayaelei kabisa. Horne mwenyewe, katika miaka ya 1980, alirudi akairekebisha kanuni yake: lori tupu, lisilo na mzigo, kiganja chake hufupika kikabaki kipana bila urefu, na lori hilo laweza kuelea kwa mwendo wa kawaida wa barabara kuu. Napenda sana mtu wa elimu anayerudi kuisahihisha kanuni iliyompa jina.

Lakini basi haliteremki bondeni kwa kuelea tu. Uko utelezi mwingine usiohitaji kina cha maji wala kasi kubwa, nao ni ule wa utando. Kokoto za barabara mpya zina ukwaruzo mdogo kama wa msasa, ambao ndio unaoutoboa utando wa maji. Magurudumu hupita juu yake mamilioni ya mara, na baadhi ya mawe husuguliwa yakang'aa kama sakafu ya hotelini, hasa penye mizunguko na vituo ambako magari hufunga breki. Ukiitazama barabara jioni, jua likiwa limelala, utaziona sehemu hizo ziking'aa. Tena, siku nyingi za kiangazi huacha juu ya lami mafuta yaliyodondoka, vumbi, na unga wa mpira. Mvua ya kwanza, hasa ile ya rasharasha isiyotosha kuosha, huyakoroga hayo yakawa kama mlenda. Ndiyo maana nusu saa ya kwanza ya manyunyu aghalabu ni mbaya kuliko saa ya tatu ya mvua kubwa, ingawa dereva huanza kuogopa katika saa ya tatu.

Na breki? Watu wengi huamini kwamba gurudumu lililofungwa kabisa ndilo lililosimamisha gari kwa nguvu kuliko yote. Sivyo. Mpira hushika zaidi pale gurudumu linapozunguka polepole kidogo kuliko mwendo wa gari, tofauti ya kama sehemu 10 mpaka 20 katika 100. Likipita hapo likafungwa kabisa, mshiko hupungua, na jambo baya zaidi, gurudumu lililofungwa halina mbele wala upande: ukizungusha usukani, gari haliambiliki. Marubani walikuwa wa kwanza kupewa kifaa cha kuilegeza na kuikaza breki chenyewe, kilichotengenezwa na Dunlop katika miaka ya 1950. Magari madogo yalianza kukipata cha namna ya kisasa mwaka 1978, kazi ya kampuni ya Bosch ya Ujerumani. Kama gari lako lina kifaa hicho, siku ya hatari kanyaga kwa nguvu, usiachie, uelekeze usukani. Kutetemeka kwa kanyagio mguuni ni dalili kwamba kinafanya kazi. Kama halina, kanyaga na kuachia kwa haraka. Lakini kama gari limekwisha elea, vyote viwili havikufai. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani umenyooka, ngoja viganja virudi chini. Ni sekunde mbili tatu, na hakuna sekunde ngumu kuliko hizo za kukaa bila kufanya kitu.

Kuhusu mwendo nitasema machache, kwa sababu yamesemwa sana katika kila Wiki ya Nenda kwa Usalama, na yanasahauliwa Jumatatu inayofuata. Katika lami kavu, gari lenye matairi mazuri likiwa katika 50 husimama katika mita 14 tangu breki ishike. Katika 100 si mita 28, bali 56, kwa kuwa mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali huzidi mara nne. Ikiwa lami imelowa na mshiko umepungua kuwa 0.4, badala ya 0.7 niliyoitumia kwa lami kavu, mita hizo 56 huwa 98. Ongeza mita 28 ambazo gari hupita katika sekunde moja ya dereva kushtuka na kuhamisha mguu. Jumla yake ni mita 126, zaidi ya uwanja mzima wa mpira, goli mpaka goli.

Kuna ndugu atakayesema kwamba basi, tujaze upepo mwingi kupita kiasi tuwe salama. La. Tairi lililojazwa mno hukalia katikati tu, kiganja hupungua, nalo hudunda kwenye mashimo. Kipimo kimeandikwa na mtengenezaji wa gari, aghalabu kwenye nguzo ya mlango wa dereva, nacho ni cha kupimwa asubuhi tairi likiwa baridi, si baada ya safari. Upepo pungufu nao huua hata siku kavu. Tairi lililolegea hukunjwa na kukunjuliwa katika kila mzunguko, na kule kukunjwa huwa joto. Kwa mwendo mrefu chini ya jua, matabaka yake huachana. Mwezi Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliyaita nyuma matairi milioni 6 na nusu huko Marekani, baada ya mengi kuvuliwa ngozi njiani, zaidi katika majimbo ya joto. Kampuni hiyo na ile ya Ford zilibishana sana kama kosa lilikuwa la tairi, la gari, au la upepo wa 26 ulioelekezwa na watengenezaji wa gari. Bunge la huko halikusubiri ubishi uishe. Mwaka ule ule lilitunga sheria ambayo ndiyo iliyoleta taa ya kumwonya dereva kwamba upepo umepungua. Ukiiona taa hiyo ya njano katika gari lililotoka ng'ambo, usiifunike kwa kibandiko, kama nilivyoona ikifanywa.

Nao mtumba wa matairi una siri yake. Ubavuni, baada ya herufi DOT, zitafute tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka: 2314 ni juma la 23 la mwaka 2014. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, ukawa mgumu na kuota nyufa, kashata zake zikiwa bado zinapendeza. Muuzaji atakuonyesha kashata. Wewe inama usome tarakimu.

Abiria wa basi naye anaweza kuinama. Unapongoja kupanda, gurudumu la nyuma liko mbele ya macho yako, na kulitazama hakuna nauli. Lakini nakiri kwamba hapo ndipo ujasiri unapohitajika, kwa kuwa ndani ya basi letu anayemwambia dereva apunguze mwendo hupewa majina, na wanaompa majina ni abiria wenzake. Mwaka 2021, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote. Wengi wao hawakuwa wameshika usukani.

Siku ya pili yake tulirudi Dar es Salaam. Mjini Morogoro mke wangu alikuwa amemshika kaka yake mkono, akampeleka dukani, akakopesha sehemu ya akiba yake ya kikundi, na matairi mawili yakanunuliwa yakafungwa nyuma. "Kaka, deni utalilipa," alimwambia, "lakini watoto wangu ukiwapoteza utanilipa nini?" Shemeji hakujibu neno, na njia nzima aliendesha kwa 60, hata palipokuwa pakavu.

Kibaha alisimama mwenyewe bila kuombwa. Kijana yule yule alikuwapo, na kipimo chake shingoni.

"Juzi nilipokuambia upunguze upepo," shemeji alimwuliza, "ulitaka kusema nini?"

Kijana alicheka kwa haya, akatazama chini. "Nilitaka kukuambia usipunguze, mzee. Lakini wateja ukiwabishia wanakwenda kwa jirani."

"Jaza 30," shemeji alisema. Mtoto akateremka garini akaomba kukishika kipimo, naye akazisoma namba kwa sauti, tairi moja moja, mpaka la nne.